Mkono wa Fundi wa Mlowo

Fundi wa magari ya mbio pale Mlowo haamini alama za kiwandani za kupangia moto wa injini. Germana, anayeuza chai mlangoni mwa gereji, amemwona miaka nenda rudi akiziba tundu la plagi ya kwanza kwa dole gumba na kuzungusha injini kwa spana, taratibu, hadi upepo ulisukume dole lake. Hapo ndipo huishusha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi moto, mahali pake. Kisha huwasha, hutega sikio kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana, na kuizungusha kidogo kidogo huku akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya asioumaliza kamwe.

Leo gari lilikuwa la Ipyana, dereva kijana. Injini ilipoanza kunguruma kwa hasira, mluzi ukakatika. Fundi akageuka huku na huku, akairudisha distribyuta nyuma mpaka ngurumo ikapoa, akakaza nati.

Ipyana akakanyaga mafuta, akanuna. "Mbona zito, fundi? Rudisha ule moto."

"Huu ndio mwisho wake. Ukizidisha, litakuua."

Germana, aliyekuwa akimmiminia fundi chai, akaliweka birika chini. Mwaka jana fundi huyuhuyu alimwekea Wilbard, mtoto wa Germana, moto kama ule garini, na Wilbard akaishia kwenye kona ya Hasamba. Msibani fundi alimshika Germana mikono yote miwili, akamwambia ni mipango ya Mungu.

"Kumbe mwisho wake ulikuwa unaujua," Germana akasema, akaimwaga chini chai aliyokwisha kummiminia.