Dawa ya Jicho la Shangazi Zuhura

Naikumbuka vizuri siku niliyomtia mbuzi dawa ya jicho la shangazi yangu. Wewe cheka tu, mwanangu, lakini kaa unisikilize, maana umeniambia mama yako anatolewa mtoto wa jicho wiki ijayo na wewe ndiye utakayemuuguza.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi baiskeli pale Ng'ambo, Tabora. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na Ujamaa ulikuwa umenipanda kichwani. Sikukosa mkutano hata mmoja. Nikisikia kwamba mali ni yetu sote, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Pampu yangu ya baiskeli nilishaifanya ya mtaa mzima, na haikurudi tena.

Shangazi Zuhura ndiye aliyenilea. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, na watu walizifuata hata kutoka Urambo. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na ndui tangu utotoni. La kulia likaja kuota mtoto wa jicho, ukungu ukazidi siku hadi siku, hata asubuhi moja akalikemea koti langu lililotundikwa mlangoni kwa kutomwamkia.

Tukampeleka hospitali, akapasuliwa, akalazwa siku kadhaa. Bandeji ilipofunguliwa akavishwa miwani minene, akanitazama kwa muda mrefu.

"Hamisi," akasema, "kumbe hilo ndilo shati unalotembea nalo mjini?"

Nililia kwa furaha, mwanangu. Basi muuguzi, mama mmoja wa Nzega tuliyemwita Sista Magdalena, akanikabidhi kichupa cha matone.

"Dawa hii inazuia vijidudu visiingie kwenye kidonda cha jicho," akaniambia. "Tone moja, mara nne kwa siku. Unanawa mikono kwa sabuni kwanza. Ncha isiguse jicho. Na ni ya mama huyu peke yake."

"Ndiyo, Sista," nikaitikia, na akili yangu ilikuwa kwenye mkutano wa jioni.

Siku mbili nilifanya kama nilivyoambiwa. Siku ya tatu akaja jirani yetu, Mzee Maganga, macho mekundu kama pilipili, yanatoa tongotongo. Akauliza kama dawa ya Shangazi haiwezi kumsaidia. Nikajiuliza, mimi mwanajamaa gani ninayeficha dawa ndani? Nikamwinamisha kichwa, nikamtia. Na ncha ikamgusa, maana mzee alikuwa hatulii. Habari zikaenea. Wakaja wenye macho ya moshi wa kuni, akaja mlevi mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu tunayoijua. Mwisho akaja Bi Tatu anamburuta mbuzi wake.

"Na huyu je?" akaniuliza. "Jicho linamtoka maji tangu juzi."

Nikamtia na mbuzi. Kisha nikaingia ndani, mikono ina grisi ya mnyororo, nikamtonea Shangazi kwa kichupa kile kile.

"Leo inawasha," akalalamika.

"Ndiyo inafanya kazi hiyo, Shangazi," nikamjibu, kama daktari.

Kesho yake jicho lilikuwa limevimba na linauma. Keshokutwa likatoa usaha. Shangazi akashika sindano yake, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaiweka chini. Hakunifokea. Alisema tu, "Ukungu umerudi, mwanangu." Tangu nizaliwe sijasikia maneno yaliyoniuma vile.

Nilimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikakanyaga pedeli kama mwizi. Njiani ndipo alipoanza kufoka, kila shimo na tusi lake, nami nikafarijika kidogo, maana alikuwa bado Shangazi.

Daktari alilitazama jicho, akakunja uso, akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyetumia ile dawa. Nikamtajia: Mzee Maganga, wale wenye macho ya moshi wa kuni, yule mlevi. Alikuwa anaandika.

"Na mbuzi," nikamalizia kwa sauti ndogo.

Kalamu ikasimama. "Mbuzi gani?"

"Wa Bi Tatu."

Sista Magdalena akanisogelea. "Ulimtia kabla ya mama huyu, au baada yake?"

"Kabla, Sista."

Akavuta pumzi. Nilidhani atanizaba kibao. Badala yake alinishika mkono, akanipeleka kwenye karai la maji, akanisugua viganja kwa sabuni kama mtoto mchanga, huku akisema polepole, "Shamba ni letu sote. Kisima ni chetu sote. Jicho ni la mwenyewe. Umenielewa, bwana mjamaa?"

Wakamchoma sindano za antibiotiki, na dawa mpya ikawa inatiwa kila saa. Nilikaa hapo siku kumi na moja, nikinawa mikono hadi ngozi ikabanduka. Jicho likapona, lakini si kama ile siku ya kwanza. Uso wa mtu aliuona, njia aliiona, ila tundu la sindano hakuliona tena. Nikawa namtungia uzi kila asubuhi kabla sijafungua karakana, mpaka Mungu alipomchukua. Mbuzi, kwa taarifa yako, alipona kabisa.

Basi mwanangu, nakuusia. Dawa ya mama yako mtonee mama yako tu, kwa saa alizopangiwa, mpaka siku daktari atakayosema basi, hata kama jicho linaonekana zima. Nawa kwanza. Ncha isiguse kope wala kidole. Jirani akiomba, mpe chai, mpe kiti, umwelekeze hospitali. Na jicho likiwa jekundu, likiuma, au akisema haoni vizuri, usingoje kesho na usimwambie dawa ndiyo inafanya kazi. Mkimbize siku hiyo hiyo.

Mungu aitie mikono yako utulivu, amrudishie mama yako nuru yake yote, na akikutazama mara ya kwanza, akukute umevaa shati zuri.