Ubavu wa Kushoto, Ubavu wa Kulia

Dereva akiingia ofisini na picha za kamera zilizofungwa mitini kule msituni, mama anayezichambua humwambia, "Hebu geuka, kaka," kisha hujicheka mwenyewe. Ndiyo kazi yake hiyo: humtambua chui kwa madoa, na madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Chai yake hupoa pembeni kila siku, na kila siku huinywa hivyo hivyo huku amekunja uso. Na kompyuta huongea nayo kwa sauti ya kubembelezea mtoto: "Pita, mwanangu, pita nikuone."

Asubuhi moja dereva alimkuta ameinamia kioo cha kompyuta. Chui jike alikuwa amesimama mbele ya kamera, akageuka, na picha mbili zilizofuatana zikamwonyesha mbavu zote mbili. Majike wawili wa bonde lile, mmoja aliyejulikana kwa ubavu wa kushoto tu na mwenzake kwa wa kulia, kumbe walikuwa yuleyule mmoja. Na chui wenyewe wamebaki wa kuhesabika.

"Si tuwaache tu wawe wawili, dada," dereva akasema taratibu. "Nani atajua?"

"Tukisema wako wawili, nani atahangaika kumlinda huyu?"

Mama akamfuta yule wa pili kwenye orodha. Halafu akaweka kiganja juu ya kioo, pale palipokuwa na mgongo wa yule chui, akakiacha hapo.

"Kumbe siku zote hizi uko peke yako, mwanangu."