Godoro Halina Kosa

Jina lake kamili, na alitaka litajwe lote, ni Bibi Shazia binti Turubai mjukuu wa Kamba. Kamba, bibi yake, alisuka vitanda ambavyo maharusi walizeekea juu yavyo. Turubai, baba yake, alimtimua tajiri kibarazani kwa kumwita "wewe kijana" hali tajiri mwenyewe mvi zimemjaa. Yeye mwenyewe alipewa jina la ile sindano kubwa ya kushonea magunia, maana ndiyo aliyoishikilia mume alipomwacha. Kwa sindano hiyo alishona magodoro ya sufi, akalea wanawe, na hakuna godoro lake lililowahi kurudishwa.

Mpaka ulipokuja ule ugonjwa wa barakoa.

Wa kwanza kurudisha alikuwa Muuza Duka, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alilibwaga godoro uani, barakoa ikimning'inia kidevuni.

"Bibi, godoro lako lina mawe. Silali."

"Mawe? Labda umelilalia kichwa chako."

Akalifumua mbele yake. Sufi ilikuwa safi, laini kama siku aliyoijaza. Ila pembeni, pale mshono ulipolegea, yalimwagika makombo ya biskuti na maganda ya karanga.

"Mtu mzima na ndevu zako, unakula kitandani kama panya!"

"Si njaa, Bibi. Nikisikia redio wakitaja waliokufa, mkono unajiendea wenyewe."

"Basi zima redio, uache kunichafulia jina!"

Akafuata Mwalimu, mama wa watu mwenye heshima zake. Gauni halimfungi tena, na kila akigusa mto moyo unamwenda mbio. Naye alilaumu godoro. Bibi Shazia alimrushia maneno mpaka mama wa watu akaondoka akilia. Usingizi umewakimbia wao, lawama zinamjia yeye! Alipita uani akigombana na kuku.

Nyumbani kwake, alijisifu, hakuna ujinga huo. Kitindamimba wake, Dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amekuja kupumzika. Aliomba kula peke yake chumbani, asije akamwambukiza mama, na sahani ilirudi nyeupe kila mara.

"Unakula, baba?"

"Si unaona sahani?"

"Unalala?"

"Kama gogo."

Lakini mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Asubuhi moja mkuu wake wa kazi akapiga simu: kesho arudi, gari linamsubiri.

Siku hiyohiyo mama, akiwa ameanza kuitilia shaka sufi yake, akalitoa godoro la mwanawe juani na kulifumua. Ukatoka mkate. Vipande kwa vipande, vingine vimeota ukungu. Wali umefungwa kwenye gazeti, umekauka kama kokoto. Nyama aliyojinyima yeye ili mwanawe apate.

"Kumbe nimekuwa nikililisha godoro!" alipiga kelele hadi Muuza Duka akachungulia ukutani. "Na wewe rudisha shingo yako ndani! Dereva! Njoo hapa!"

Alikuja, akauona mkate, akakaa chini palepale mchangani.

"Mama, nikimeza nawaona wale waliokosa pumzi garini mwangu. Chakula kinakwama hapa. Nikilala chali najiona mimi ndiye niliyelazwa. Nakaa kitini tu."

"Ungeniambia lini? Siku ya kukuzika?"

"Ningekuambiaje? Kila asiyelala unamtukana. Jirani umemwita panya."

Neno hilo lilimwingia Bibi Shazia. Hasira haikumtoka. Ilitafuta pengine pa kwenda. Akachukua simu, akampigia mkuu wa kazi.

"Mimi mama yake Dereva. Kesho haji. Anakwenda kwa daktari."

"Mama, wagonjwa nani atawafikisha?"

"Huyu hajalala! Ukimpa usukani atawafikisha kweli, lakini si hospitali. Tafuta mwingine, au shika mwenyewe!" Akakata.

Akaketi, akatunga uzi, akalishona godoro la Muuza Duka, mishono mikubwa ya ghadhabu lakini imenyooka. Akalipandisha kwenye mkokoteni, akamtia mwanawe kipande cha mkate wa leo mkononi.

"Mpelekee. Mwambie godoro halina kosa. Mwambie na wewe hulali."

"Mama, aibu."

"Aibu ndiyo hii iliyoota ukungu! Kaa kwenye benchi lake, utafune mbele yake, hata tonge moja. Na yeye akuambie mkono wake unavyojiendea. Kisha mwende wote wawili mkamchukue Mwalimu, mwambieni nimewatuma mimi. Wote watatu mnafuatana kwa daktari."

"Na wewe?"

"Mimi nina godoro lako la kujaza upya. Sukuma huo mkokoteni, jua linapanda."