Vishimo kwenye Milango ya Gari

Kila asubuhi, kabla Mlima Meru haujavua wingu lake, Ephraimu alimgeuza mkewe kitandani. Alimshika begani na kiunoni, akamlaza ubavu wa pili taratibu, kisha akaminya dawa nyeupe kutoka kwenye tyubu na kumpaka mgongoni, kwenye nyonga na visigino, kila mahali ambapo mfupa ulikuwa umeisogelea ngozi. Dawa hiyo ilizuia vidonda vya kulala. Aliileta binti yao Violet, aliyeolewa Makumira, ambaye aliweza kuja Jumapili tu.

Anande alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia haukumsikia tena, lakini maneno alibaki nayo, na aibu pia. Msichana wa kazi aliyekuwa akimhudumia alikuwa ameondoka mwishoni mwa mwezi wa sita, na majirani wa Nkoaranga hawakujua.

"Usimwambie mtu kwamba ni wewe unayenipaka," alimwambia mumewe. "Mwanamume mzima kumwosha mkewe kama mtoto. Kanisani watanionea huruma, na mimi huruma yao siiwezi."

Ephraimu aliahidi. Akanawa mikono kwa sabuni, akashuka njia ya mteremko katikati ya kahawa na migomba, akaenda kazini mjini.

Karakana ya Paramjit ilikuwa ng'ambo ya soko la Kwa Mrombo. Pale walitengeneza upya bodi za magari ya watalii: milango, boneti, mabati ya ubavuni. Ephraimu ndiye aliyepaka rangi ya unga. Bati lilipigwa msasa, likaoshwa kwa dawa ya kuondoa grisi, likakaushwa, likatundikwa kwenye ndoano. Kisha alilipulizia unga kwa bunduki ya umeme, na unga ukaling'ang'ania bati kama ukungu unavyoshika majani ya kahawa. Ndani ya oveni unga uliyeyuka, ukatulia, ukawa ngozi moja isiyo na mshono.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupuliza, alipitisha kiganja kitupu juu ya bati lote, kuanzia juu hadi chini, macho ameyafumba. Mkwaruzo ambao jicho halikuuona, kiganja kiliuona. Mafundi wenzake walimtania kwamba anabariki milango. Lerionka, aliyekuwa akiosha na kutundika mabati, alisema milango ya Ephraimu imebatizwa na kupata kipaimara, imebaki kufunga ndoa tu.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, milango ikaanza kuugua.

Ilitoka kwenye oveni na vishimo vidogo vya mviringo, kama alama za matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Chini ya kila kishimo bati lilionekana tupu. Ephraimu aliyajua magonjwa ya rangi. Ikivimba mikunjomikunjo kama ganda la chungwa, unga umekuwa mzito au moto haukuwa sawa. Ikitoka na vitundu kama vya sindano, kuna kutu au kiraka kilichopumua ndani ya joto. Ikibanduka, bati halikuoshwa vizuri. Lakini vishimo hivi ni vya mafuta, na mafuta yalitoka wapi?

Walitoa maji na oili yaliyojikusanya kwenye kompresa ya hewa, wakabadilisha chujio lake. Walifungua boksi jipya la unga. Paramjit alipiga marufuku dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi, kwa kuwa ina silikoni, na silikoni haiondoki kwa kuoshwa. Tone lake likigusa bati, rangi inalikimbia. Vishimo vikaendelea.

Mwenye magari akaja, akainama juu ya mlango mmoja kwa muda mrefu, akasema kwamba seti hii ikiharibika tena atapeleka mabati yake Nairobi. Paramjit hakuficha maana yake. Bila mteja huyo angezima oveni na kuiuza. Ephraimu aliwaza umri wake, akawaza ile tyubu ya dawa, akajua hakuna karakana nyingine itakayomchukua.

Siku ile Paramjit aliwakusanya wote, akawauliza mmoja mmoja wanajipaka nini mwilini.

"Mafuta ya kondoo, Mzee," Lerionka alijibu, akanyanyua mguu uonekane. "Baridi hii inanipasua miguu hadi inaweza kuhifadhi senti. Wameru wao wanapasuka roho, haionekani."

Watu walicheka. Paramjit hakucheka. Akamgeukia Ephraimu.

"Na wewe, Fundi?"

"Sabuni tu, Mzee."

Haukuwa uongo kamili. Yeye hakujipaka kitu. Lakini aliijua pia habari ya mafuta ya mnyama: dawa ya kuoshea huyaondoa yote, hata yakiwa mazito kama uji. Angeweza kusema. Lakini macho ya watu yalikuwa yamemwachia, yakatua kwa mwingine, naye akauacha ule utulivu umkae mwilini.

Lerionka aliambiwa apumzike nyumbani mpaka aitwe. Aliondoka bila kubishana, na kopo lake la mafuta likabaki kwenye rafu.

Kuanzia hapo Ephraimu aliosha mabati mwenyewe, akatundika mwenyewe, akapuliza mwenyewe. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Na mlango wa kwanza ulipotoka kwenye oveni, ulikuwa mbaya kuliko yote iliyotangulia.

Aliusogeza kwenye mwanga. Safari hii vishimo havikutawanyika ovyo. Vilishuka kwa mistari, kutoka juu hadi chini, minne sambamba na mmoja pembeni. Aliweka mkono wake juu yake bila kugusa. Vidole vikaenea kila kimoja mahali pake.

Alikaa chini kwenye debe.

Kesho yake alikuja na tyubu mfukoni; kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba dawa ile ina silikoni. Alikata vipande viwili vya bati. Kimoja alikipaka dawa ya Anande, kingine mafuta ya kopo la Lerionka, akaviosha vyote sawasawa, akavipuliza, akavitia ndani. Cha mafuta ya kondoo kilitoka laini kama maziwa yaliyotulia. Cha dawa kilikuwa kimeoza vishimo.

Alivibeba vyote viwili mpaka ofisini.

"Ni mimi, Mzee," alisema. Ikambidi aseme na mengine: kitanda, mgongo, visigino, na kwamba nyumbani hakuna mtu mwingine.

Paramjit aliviangalia vile vipande, akaviweka mezani kimoja juu ya kingine.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekuelewa."

"Nilimwahidi."

Lerionka aliitwa siku hiyohiyo. Alikuja, akasimama getini, akaomba apewe kopo lake. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwingine. Ephraimu alimpelekea mwenyewe, akamweleza yote, akamwomba radhi.

"Pole kwa mama," Lerionka alisema. Alilifungua kopo, akaliangalia ndani, akalifunga. "Lakini mimi siku ile niliulizwa, nikasema. Wewe ulijua yanaoshika, ukaninyamazia." Akaondoka kuelekea sokoni, bila utani wowote.

Paramjit alitoa boksi la glavu nyembamba, kama za wauguzi, akamwambia Ephraimu azivae kazini. Alizivaa. Alipopitisha mkono juu ya bati, hakusikia kitu. Ilikuwa kama kusoma gizani. Mlango ulitoka bila vishimo, lakini katikati ulikuwa na mkwaruzo mrefu ambao kiganja chake kisingeukosa, na ikabidi wote upigwe msasa upya. Seti ya mteja ilikuwa bado inasubiri.

Jioni akalichukua boksi la glavu, akaenda nalo nyumbani.

Asubuhi alimgeuza Anande kama kawaida, akaminya dawa, akaanza kumpaka mgongo. Anande alishtuka, kisha akatulia. Alikuwa ameuelekeza uso ukutani.

"Umevaa nini, Baba Violet?"

"Glavu. Ni kwa ajili ya kazi. Dawa inaharibu milango."

Ephraimu akaendelea kumpaka hadi visigino.

"Wauguzi nao walivaa," Anande alisema.

Ephraimu akamaliza, akamfunika, akazivua na kuzitupa chooni. Mikono yake ilikuwa mikavu na safi. Akashuka mteremko.

Milango ya seti ile ilitoka yote mizuri. Mwenye magari aliipokea, na oveni haikuzimwa. Mlango wa mwisho ulipotundikwa nje upoe, wenzake wakaenda kunywa chai. Ephraimu alibaki. Aliweka kiganja kitupu juu ya bati ambalo bado lilikuwa na joto, akakiacha hapo, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.