Mtoto Aliyetuficha Uso

Nimezaa watoto saba, na hakuna aliyenichosha kabla ya kuzaliwa kama huyu mjukuu. Alikuwa hajashinda kidole changu kwa urefu, na kiburi tayari anacho.

Tulikuwa kliniki hapa Eldoret, mimi na mke wa mwanangu, mimba yake ya miezi mitatu. Daktari alikuwa anatafuta mifupa ya uso wa mtoto kwa ile skeni ya 3D, ambayo picha yake inageuzwageuzwa kama mtu anachagua nyanya sokoni. Mtoto amefunika uso kwa mikono miwili. Daktari akamwambia mama mtoto akohoe, akakohoa. Atembee, akatembea kwenye korido, mimi nyuma yake na mkoba. Tukarudi, mikono iko palepale. Daktari akasema labda turudi wiki ijayo. Na hiyo wiki ijayo tulishaambiwa wiki iliyopita.

Mtu atauliza, si ungoje tu azaliwe umwone? Mimi nilishangoja mara moja. Mtoto wa kwanza wa huyu msichana alizaliwa jikoni kwangu Kapseret, wakati wa vita vya baada ya kura, barabara zimefungwa kwa mawe na magogo, hata nesi hapiti. Alitoka mdomo umepasuka mpaka ndani kwenye kaakaa. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Nilimkalisha wima nikamlisha kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka barabara zikafunguliwa, akashonwa. Leo ana kovu dogo na maneno mengi kuliko mimi. Mwalimu wake amechoka.

Lakini majirani walisema ni moshi. Eti mama yake alisimama nje akatazama nyumba zikiungua, moshi ukampasua mtoto. Na huyu msichana akaamini. Alipopata mimba tena, na magari ya kampeni yameanza tena kupiga kelele, aliacha kula vizuri, akaacha kucheka. Mtu akichoma takataka, anajifungia ndani. Daktari alituambia uso wa mtoto hufungwa mapema, mwezi wa pili, wa tatu. Mimi nikahesabu. Wakati mdomo wa yule wa kwanza ulipokosa kushikana, vita vilikuwa havijaja, sisi na majirani tulikuwa bado tunaombana chumvi. Nilimwambia hivyo. Akaitikia "Ndiyo, Mama," kama mtu anayeitikia redio.

Basi daktari alipoanza kumpangusa tumbo ili twende, nikakasirika. Niliinama pale pale nikamwambia mtoto:

"Wewe, toa mkono. Hata meno huna na unatufungia mlango? Mimi nina ng'ombe wa kukamua."

Mke wa mwanangu akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, tumbo lote likatikisika. Daktari akarudisha mashine haraka na kuninyamazisha kwa kidole.

"Gogo, tazama," akasema. Kwetu nyanya wa mtoto huitwa gogo.

Mikono ilikuwa imeondoka. Akatuonyesha mistari mitatu myeupe chini ya pua, imekutana kama kenchi, zile mbao tatu za pembetatu zinazobeba mabati. Mbao mbili za kando, alisema, ni mifupa ya taya inayopanda pembeni mwa pua. Ile ya chini ni kaakaa. Kwa yule wa kwanza hapo pangekuwa na pengo.

"Imeshikana?" mke wa mwanangu akauliza.

"Naona imeshikana. Lakini bado ni mapema. Mtarudi tumbo likikua, tuhakikishe."

Lakini! Watu wa hospitali wakikupa mkate, lazima wamege kwanza. Nilitaka kumjibu, ila msichana alikuwa ameshavaa viatu.

Nje, kando ya ukuta, mtu alikuwa anachoma takataka. Nilimshika mkono tuzunguke upande wa pili, kama tulivyozoea. Hakugeuka. Alipita katikati ya ule moshi, akakohoa, akaniambia ana njaa. Tukaingia hoteli ya kwanza tuliyoikuta. Alikula chapati na maharagwe ya madondo sahani mbili, polepole, bila haraka yoyote, na ng'ombe wangu akinililia Kapseret.