Jiwe Jeusi la Kisimani

Juzi, kwa fundi wa kufua vyuma Kibwezi, moshi wa makaa ya mawe ulinikumbusha kisima chetu kule Kitui.

Ulikuwa wakati wa ukame, nikiwa bado mtoto, na kila alfajiri mama alikwenda mtoni, mbali, kuchota maji. Baba alichimba nyuma ya nyumba, mimi na mama tukivuta ndoo za udongo kwa kamba. Siku moja ndoo ilileta mawe meusi. Mama alitia moja jikoni, likashika moto na kunuka kama yai bovu. Baba akatoka shimoni amevunjika moyo.

"Hapa hakuna maji. Ni moto tu."

Mwalimu wetu wa sayansi, jirani yetu, alikuja kutazama.

"Zamani sana ardhi hapa ilipasuka ikadidimia," alitueleza. "Palikuwa na msitu, ukafukiwa na matope. Miti ndiyo hili jiwe."

Mama akacheka. "Msitu, hapa kwetu? Baba watoto, rudi chini. Mungu aliyenywesha msitu hajatusahau."

Baba akashuka tena. Chini ya lile jiwe akapata maji, yenye ladha ya kutu lakini yanayonyweka.

Asubuhi iliyofuata mama hakwenda mtoni. Alikaa mlangoni akanisuka nywele, taratibu, mpaka jua likapanda.