Mfalme Lazima Afe

Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka Mau Mau na waliokula kiapo chao, aliyetaka kutoka Embu kwenda Meru alipanga foleni kwenye kizuizi cha barabarani kuonyesha pasi. Asubuhi moja nilisimama nyuma ya mwanafunzi wa sekondari aliyefumba macho, midomo ikimcheza. Homgadi mwenye bunduki, mlinzi mwenyeji wa serikali, akamsogelea.

“Unanong'ona nini?”

“Ni mchezo wa kuigiza, bwana. Tunausoma katika somo la Kiingereza.”

“Sema kwa Kiswahili nisikie.”

Kwa utiifu wa darasani, kijana akatafsiri: “Mfalme lazima afe leo, na mkono huu ndio utakaomwaga damu.”

“Mfalme gani?”

“Wa Waingereza.”

Foleni nzima ikarudi nyuma. Siku hizo watu walifungwa kwa viapo vifupi kuliko hicho. Homgadi akampigisha magoti, akamwita ofisa wake, Mzungu. Mzungu akaja, akaamuru maneno yarudiwe kwa Kiingereza. Mwanafunzi akaanza, akakwama katikati. Mzungu akatazama mawingu, akaweka mkono kifuani, akayamalizia mwenyewe mpaka mwisho.

“Hata mimi nilichapwa kwa kuyasahau,” akasema, akagonga muhuri kwenye pasi.

Kijana akapita. Homgadi akabaki amemkodolea macho mkubwa wake. Mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi mgongoni akanigusa kiwiko.

“Kumbe hata huyu amekula kiapo,” akanong'ona.

Leo nahakiki vitabu magazetini, na katika kazi hiyo sisi wahakiki bado hatujamfikia mama yule.